Kiitikio Ni Chetu: Juu ya Kuchagua Wimbo wa Kuchambua

Kila mwaka, katika somo langu la fasihi na jamii, huwapa wanafunzi kazi moja ambayo kwa maneno yake ni nyepesi: chagua wimbo mmoja wa Kiswahili wenye maana, nakili maneno yake, kisha uyachambue katika kurasa nane. Baada ya miaka zaidi ya kumi ya kutoa kazi hiyo nimejifunza kwamba ugumu wake hauko pale wanapoudhania. Uchambuzi unafundishika. Kuchagua ndiko kunakowashinda wengi. Nami nazidi kuamini kwamba namna tunavyouchagua wimbo na kuuita "wenye maana" inasema jambo zito kuhusu namna tunavyowasikiliza wenye mamlaka, na namna tunavyojisikiliza sisi wenyewe.

Muhula uliopita alinijia binti mmoja mwishoni mwa kipindi, wenzake walipokwisha kutoka. Ni mzaliwa wa Tandika, wilaya ya Temeke, na ni msichana asiyependa maneno mengi. Akaniuliza, "Samahani, Dokta. Ni lazima wimbo uwe wa heshima?" Nilimwomba afafanue. Akasema nyimbo anazozijua kwa moyo ni zile zinazopigwa vijiweni na kwenye daladala za mtaani kwao, lakini alikwisha kuanza kuchambua wimbo mwingine kabisa, wa kuhimiza umoja na kazi. Wimbo huo haupendi, na hajawahi kuusikiliza kwa hiari yake. Aliuchagua kwa sababu, kwa maneno yake, "ndio unaofaa chuoni."

Makala haya ni jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile nikiwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi.

Bahasha na barua

Wanafunzi wangu huja na nyimbo za aina tatu. Aina ya kwanza ni wimbo wa mawaidha: usikate tamaa, jihadhari na maradhi, heshimu wazazi, linda amani. Aina ya pili ni wimbo uliofungiwa, au uliompeleka mwimbaji wake polisi. Huuchagua kwa imani kwamba kilichokatazwa lazima kina maana kubwa. Aina ya tatu ni wimbo wa zamani. Hapo hutajwa Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Msondo na Sikinde, na hoja huwa moja: nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe, za siku hizi hazina.

Sina ugomvi na aina yoyote kati ya hizo. Ugomvi wangu ni na neno "ujumbe." Shuleni tumefundishwa kuipasua kazi ya fasihi kwa kisu kimoja: fani upande huu, maudhui upande ule, kisha maudhui yakatwe vipande vya dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa. Kijana aliyefaulu mitihani kwa kisu hicho anapokutana na wimbo huufanya bahasha. Huichana, husoma barua iliyomo, na bahasha huitupa. Barua yenyewe huwa na mstari mmoja: mwandishi anatuasa tusikate tamaa. Kama hilo ndilo lote lililokuwa ndani, kwa nini mtu atunge wimbo? Angeandika tangazo akalibandika ukutani.

Hata wanaozitukuza nyimbo za zamani huzisoma hivyo hivyo. Husahau kwamba NUTA Jazz, mzazi wa Msondo, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kwamba Mlimani Park ikaja kuwa bendi ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ambalo herufi zake DDC bado zinasomeka katika kumbi za mji huu. Wanamuziki wale walikuwa waajiriwa. Waliishi kwa mshahara ndani ya vyombo vya umma, wakaimba kuhusu ndoa, wivu, talaka, barua na safari. Mchambuzi anayeona mapenzi matupu katika nyimbo hizo, na yule anayeona mawaidha matupu, wote wawili wameukosa wimbo. Walichokosa kuuliza ni mambo ya kawaida mno: anayesema ni nani? Anamwambia nani? Na kwa nini, katika mji wa wafanyakazi wa umma, malalamiko mengi yalipitishwa mlango wa nyumbani?

Wasomaji waliotutangulia

Kuna watu nchini mwetu ambao daima wamesoma maneno ya nyimbo kwa makini kuliko sisi wa vyuoni. Nao ni wadhibiti.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Ilikuwa pia mahali ambapo bendi zilirekodi. Kabla ya wimbo kurekodiwa au kurushwa, maneno yake yalipitiwa na kamati. Fikiria hali hiyo: watu wazima wameketi mezani na karatasi ya mashairi, wanajadili maana ya sitiari. Vyuo vyetu vingapi vimewahi kuupa wimbo wa dansi heshima ya namna hiyo?

Tatizo ni kile walichokitafuta. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki mwa Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kupewa udokta na mashabiki wake, alitunga na Super Matimila wimbo "Mambo kwa Soksi." Soksi hiyo haikuwa ya mguuni, ilikuwa kondomu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na wimbo ulipotoka watu walikuwa wakizikwa katika kila mkoa. Radio Tanzania haikuupiga. Kaseti na kumbi za dansi ndizo zilizousambaza. Wadhibiti waliielewa sitiari vizuri kabisa. Ila waliisoma ili kujua kama ina aibu, na swali lao likaishia hapo. Hawakujiuliza kwa nini mtunzi mtu mzima, katika nchi inayozika vijana wake, alazimike kuazima nguo ya mguuni ili aseme jambo la uhai na kifo. Sinza, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy hadi leo. Mtaa ulimsoma kwa namna yake.

Mfano wa pili ni wa juzi. Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo "Wapo," na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Haukupita muda, Rais John Magufuli akaelekeza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe, na kupitia kwa waziri mhusika akashauri uboreshwe kwa kuwagusa pia watu kama wakwepa kodi. Wengi walishangilia, na wana haki ya kushangilia mtu anapotoka mahabusu. Lakini tazama kilichotokea kwa usomaji. Siku moja wimbo ulikuwa hatari kwa sababu ofisi moja ilisema hivyo. Siku iliyofuata ulikuwa mzuri kwa sababu ofisi ya juu zaidi ilisema hivyo. Katikati ya siku hizo mbili maneno ya wimbo hayakubadilika hata silabi. Ni wangapi kati yetu tuliokaa chini tukaamua wenyewe unasema nini?

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kwamba kufungiwa hakuthibitishi maana, kama vile kusifiwa kusivyoithibitisha. Anayechagua wimbo kwa sababu ulifungiwa bado anamwachia mdhibiti amchagulie.

Vipimo vitatu

Basi tuchague kwa kipimo gani? Nina vitatu. Sidai kwamba vinatosha, ila vimenisaidia.

Kwanza, jaribu kuufupisha wimbo kwa sentensi moja. Kama baada ya sentensi hiyo hakuna kilichobaki, uache, ulikuwa tangazo. Kama kuna kitu kinakwaruza, kinachokataa kuingia ndani ya sentensi, hapo pana kazi ya kufanya.

Pili, tafuta wimbo ambao msemaji wake si mtunzi. Tunaye mwalimu wa zamani katika jambo hili. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, aliimba kuhusu mtu aitwaye Kijiti, aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara huku Unguja. Mwuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia waliokuwa wenyeji wa marehemu. Anayesikiliza kwa haraka husikia habari ya mauaji. Waliosikiliza Ng'ambo, watu waliozijua mahakama za wakoloni kwa miguu yao, walisikia hukumu juu ya mahakama yenyewe. Msimulizi hasemi "mahakama hii ni dhalimu." Anasimulia tu, kwa utulivu, nani aliadhibiwa na nani hakuadhibiwa, na hesabu anakuachia uijumlishe.

Tatu, na hiki ndicho kipimo kigumu: chagua wimbo ambao nawe umo ndani yake. Wimbo unaowashutumu wengine peke yao huburudisha. Tunaupenda kama tunavyopenda umbea, kwa sababu unatuacha wasafi. Wimbo unaostahili wiki tatu za maisha yako ni ule ambao, ukiusikiliza mara ya tano, unageuka na kukutazama.

"Ndio Mzee"

Binti wa Tandika alirudi baada ya wiki moja na wimbo mwingine. Nilikuwa nimemshauri aende nyumbani asikilize ni maneno ya wimbo gani yanayotumika pale kila siku, hata na wasioimba. Alikuja na "Ndio Mzee" wa Professor Jay, wimbo ulioanza kupigwa yeye hajazaliwa. Alisema mama yake hutamka maneno hayo mawili kila baba anapotoa amri isiyotekelezeka, na nyumba nzima hucheka.

Nilifurahi. Kwa maoni yangu huu ni mmoja wa nyimbo zilizosomwa vibaya zaidi katika historia ya bongo fleva, kwa sababu kila mtu anadhani anaujua.

Tuanze na wakati wake. Joseph Haule, aliyetokea kundi la Hard Blasters, aliutoa mwaka 2001 katika albamu "Machozi, Jasho na Damu." Uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi ulikuwa umefanyika Oktoba 2000. Mwaka huo huo wa 2000, Bunge lilikuwa limerekebisha sheria ya uchaguzi na kuhalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, ukihesabiwa kuwa desturi njema ya Kiafrika. Ilichukua hadi mwaka 2006 kwa Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake, kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo wimbo ulizaliwa katika kipindi ambacho sahani ya pilau kutoka kwa mgombea ilikuwa na baraka za sheria.

Sasa tuangalie umbo lake. Mwimbaji hasimami kama mwananchi mwenye hasira. Amevaa koti la mgombea na kusimama jukwaani. Anajitambulisha, anaahidi. Ahadi zinapanda ngazi: zinaanza karibu na mambo yanayowezekana, zinafika kwenye mabomba ya maziwa, zinakwenda hadi kuwapeleka wanafunzi mwezini kwa mafunzo ya vitendo. Na kila hatua, umati unaitikia kwa maneno yale yale mawili.

Uchambuzi ninaoupokea kila mwaka huishia kwa mgombea: mtunzi anawakemea wanasiasa waongo. Hiyo ndiyo barua ya mstari mmoja. Lakini utazame wimbo kama wimbo. Beti ni za mgombea, kiitikio ni cha umati. Beti zinabadilika na kiitikio hakibadiliki. Na katika daladala ya Mbagala Rangi Tatu, au harusini Mwananyamala, ni wangapi wanaozijua beti zote? Wachache. Kiitikio wanakijua wote. Kila tunapouimba wimbo huu tunaacha sehemu ya mgombea na kuchukua sehemu ya umati. Mtunzi hakutuhubiria kwamba tunaitikia ovyo. Alitega mtego mtamu, tukauingia tukicheza.

Desturi yetu ya usimulizi inatusaidia kuelewa. Bibi akisema "Paukwa," watoto hujibu "Pakawa." Jibu hilo ni mkataba: kwa kuitikia, msikilizaji anampa msimulizi ruhusa ya kusema sungura aliongea, na anaahidi kutouliza maswali hadi hadithi iishe. Mkataba huo ni mzuri kando ya jiko usiku. Wimbo unatuonyesha mkataba uleule ukihamishiwa uwanja wa kampeni, ambako hadithi haiishi na hakuna anayesema twende tukalale. Mabomba ya maziwa hayana tofauti na sungura anayeongea. Tofauti ni kwamba sungura hakutuomba kura.

Na liko neno "mzee." Ni neno letu la heshima lenye mizizi nyumbani: baba, babu, mkubwa wa ukoo. Kwa neno hilo tunamwamkia asiye ndugu kana kwamba ni ndugu, na ni moja ya mambo yanayofanya maisha ya mji huu wa watu wa makabila yote yavumilike. Lakini nyumbani, mzee ambaye hutakiwi kumbishia ndiye pia mwenye wajibu wa kukulisha. Tukilipeleka neno jukwaani, au ofisini, tunahamisha nusu ya kwanza na kuiacha nusu ya pili. Utii unasafiri, wajibu unabaki nyumbani. Mama wa Tandika anapolirudisha neno lile jikoni kwake kwa mzaha, nadhani anafanya uchambuzi bora kuliko kurasa nane za wengi.

Jambo dogo la tahajia. Katika rasimu yake binti yule alisahihisha jina la wimbo kuwa "Ndiyo Mzee," kwa kuwa hivyo ndivyo inavyoandikwa kwa usanifu. Nilimrudishia na kumwomba aliache kama lilivyo. Mchambuzi ananakili kwanza, anasahihisha baadaye, na mara nyingi hahitaji kusahihisha.

Pingamizi

Siku ya kuwasilisha kazi, binti alisimama mbele ya darasa na kufanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliupinga wimbo.

Alisema hivi. Wimbo unaufanya umati uonekane mjinga, na umati huo ni watu wa kwao. Katika kampeni moja mama yake alikwenda uwanjani, akapokea kanga, akaitikia kila alichotakiwa kuitikia, na siku ya kura akampigia mtu mwingine. "Mama yangu hakudanganywa," alisema. "Alijua. Kanga aliihitaji na alikuwa na haki nayo, maana ni fedha zetu." Akaongeza kwamba kusema hapana hakugharimu sawa kwa kila mtu. Mama lishe anayepika kando ya barabara, kwenye eneo ambalo anaweza kuondolewa kesho asubuhi, hasemi hapana hadharani kwa bei ileile anayolipa mwenye mshahara na kiti.

Darasa lilinyamaza. Mimi pia. Pingamizi hili ni zito, na ni aina ya jambo ambalo uchambuzi mzuri hulizaa: msomaji aliyeuelewa wimbo kiasi cha kuona ukomo wake. Wimbo unatuonyesha uwanja mchana. Hautuonyeshi nyumba usiku, wala ndani ya kijumba cha kupigia kura. Ndani ya "ndiyo" moja zinaweza kukaa "ndiyo" nyingi: ya imani, ya woga, ya njaa, ya adabu, ya dhihaka. Mtunzi mwenyewe, naamini, aliona upungufu huo, kwani baadaye alitoa "Siyo Mzee," ambamo umati unakataa. Wanafunzi wengi hukimbilia pia kunikumbusha kwamba alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015 na akashindwa mwaka 2020, kana kwamba wasifu wake ndio ufafanuzi wa wimbo. Wimbo ulikwisha kutoka mikononi mwake siku ile watu walipokishika kiitikio. Yeye mwenyewe, alipopanda jukwaa la kampeni halisi, alipimwa kwa kipimo alichokitunga miaka kumi na minne kabla.

Hata hivyo nilimjibu binti kwa swali moja. Ikiwa "ndiyo" ya mama yake ilikuwa barakoa, mgombea angejuaje? Alichosikia ni sauti. Alihesabu mikono, akaenda zake akiamini, au akidai, kwamba watu wamekubali. Hapana tunayoisema moyoni hutulinda sisi. Haimzuii yeyote kutenda kwa jina letu.

Binti alifikiri kidogo. Kisha, kwa adabu yote, akaniuliza, "Na nyinyi wenye mshahara na kiti, Dokta, huwa mnaitikia nini?"

Kikao

Darasani nilijibu kwa mzaha na kengele ikaniokoa. Hapa sitafanya mzaha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi niliyokuwa nikifanya kazi, lililetwa pendekezo kwamba mwanafunzi asiyemaliza ada asiingie kabisa chumba cha mtihani, pasipo muda wa nyongeza wala nafasi ya kusikilizwa. Kwenye ushoroba wote tulilipinga. Tuliwajua wanafunzi waliosubiri mkopo uliochelewa, na wengine waliosubiri mavuno. Tulisema maneno makali juu ya vikombe vya chai. Kisha tukaingia kikaoni. Mwenyekiti akalisoma pendekezo, akaeleza faida zake, akatutazama na kuuliza kama tumekubaliana. Tulikuwa kumi na moja. Hakuna aliyenyamaza, maana kunyamaza kungeonekana. Tuliitikia. Niliitikia nami, kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa jalada langu la kupandishwa cheo lilikuwa mezani kwa mtu yule yule.

Wanafunzi watatu wa darasa langu hawakufanya mtihani muhula ule. Wawili walirudi mwaka uliofuata. Wa tatu hakurudi. Nilipanda cheo.

Sikuwa mama lishe. Hakuna ambaye angekivunja kibanda changu. Nilikuwa na shahada tatu na mkataba wa kudumu, na nilijua kwa undani mashairi ya wimbo ule. Nilikuwa nimeufundisha wiki mbili kabla. Nilikuwa nimewafundisha vijana kwamba unamkemea mwanasiasa. Naam, hivyo ndivyo usomaji wa bahasha unavyotufaa sisi wasomi: unaiweka maana ya wimbo mahali ambapo hatupo.

Kwa anayeanza kuchagua

Kwako mwanafunzi: wimbo wa heshima ni ule utakaouheshimu kwa kuusikiliza. Juma Nature na wenzake waliligeuza jina TMK, herufi tatu ambazo wenye nyumba nzuri walizitamka kwa dharau, likawa fahari ya vijana. Hilo peke yake linastahili kurasa nane. Anza na nyimbo zinazoimbwa pale unapolala. Nakili maneno kwa mkono wako, usikilize na kurudia, wala usiyachukue mtandaoni, kwa kuwa yamejaa makosa na kwa kuwa mkono unaonakili husikia zaidi. Jiulize nani anasema, nani anaitikia, nani hayumo. Halafu jiulize wewe umo wapi.

Kwako mwanaharakati: usiufanye wimbo bango. Ukishaugeuza kuwa kauli ya kupeperusha umeuondolea swali lililomo, na swali ndilo lililowafanya watu waukumbuke. Lisikilize pia pingamizi la Tandika kabla hujawahutubia watu wa Tandika kuhusu ujasiri.

Kwako mtumishi wa umma, hasa wewe ambaye huletewa karatasi ya mashairi ili useme kama ipite au isipite: unao ujuzi wa kusoma ambao wengi hawana. Siku moja usitafute aibu wala kosa. Tafuta ni nini kilichomlazimu mtunzi aseme kwa njia hiyo. Na ukitoka hapo ukaingia kikaoni, mwenyekiti akauliza kama mmekubaliana, kumbuka kwamba unakijua kiitikio, na kwamba hulazimiki kukiimba.

Binti wa Tandika nilimpa alama za juu kuliko nilizowahi kutoa kwa kazi hiyo. Ukingoni mwa ukurasa wake wa mwisho niliandika kwamba swali alilonisuta nalo nitalijibu kwa maandishi. Nimelijibu. Mwezi ujao tuna kikao kingine, na ajenda ya nne ni ada.